UZI: Ujiji na Kwihara tunamkumbuka mgeni aliyepita. Waliouzwa tuwaandikeje kwenye mabango?

#1 Kirangozi (mleta uzi), Ujiji

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa waongoza wageni, walimu wa historia na yeyote anayeshughulika na maeneo ya kumbukumbu ya Kigoma na Tabora.

Mwaka 2006 njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu iliingizwa kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Vituo vilivyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kwa hiyo Ujiji imo kwa sababu ya watumwa na pembe. Lakini muulize mgeni anayetoka pale kwenye mwembe wa makumbusho amejifunza nini, atakwambia mwandishi Stanley alivua kofia akamsalimia mmisionari Livingstone. Basi.

Sisemi Livingstone aondolewe. Akielezwa sawasawa, habari ya watumwa inakuja yenyewe. Mwongozaji aanze na swali moja: mzee yule alikuwa anatafuta nini Ujiji mwaka ule?

Jibu liko Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, nchi ya Manyema (leo ni Kongo). Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara walifyatua bunduki katikati ya soko lililojaa wanawake waliokuja kuuza vyakula. Wengi walikimbilia mtoni wakazama. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 330 hadi 400. Livingstone aliyaona kwa macho yake, akaiacha safari yake, akageuka kurudi Ujiji. Alifika 23 Oktoba, mgonjwa, hana kitu, mali aliyoagiza imekwisha kuuzwa. Stanley alimkuta katika hali hiyo. Maelezo yake ya Nyangwe yalipochapishwa Uingereza yaliongeza shinikizo kwa Sultani Barghash wa Unguja, na tarehe 5 Juni 1873 mkataba wa kufunga masoko ya watumwa ukatiwa saini Unguja. Mgeni akiushika mstari huo, Nyangwe hadi Ujiji hadi Unguja, ile salamu inapata maana yake.

Tahadhari tatu kwa mwongozaji.

Kwanza tarehe. Stanley aliandika 10 Novemba 1871. Hesabu ya Livingstone inaangukia mwishoni mwa Oktoba. Wote wawili walikuwa wamepotelewa na siku kwa homa na safari. Bango liandike "Oktoba au Novemba 1871" na hakuna atakayeweza kulipinga.

Pili, Livingstone alipinga biashara ile huku akisafiri na walioifanya. Alikula chakula chao, alitibiwa nao, barua zake walibeba wao. Shajara yake ya 1871 aliiandika kwenye kurasa za gazeti la zamani kwa wino wa mmea baada ya karatasi kumwishia. Wino ulififia kabisa, na miaka zaidi ya mia moja baadaye wataalamu waliusoma kwa picha za mianga tofauti. Kilichosomeka kina maneno makali kuhusu watu wa msafara wake mwenyewe, ambayo hayakuingia kwenye maandishi yaliyochapishwa baada ya kifo chake. Jambo hili lisemwe. Mgeni mzima anaweza kulibeba.

Tatu ni maji. Mgeni anasimama makumbusho, anaangalia ziwa liko kule mbali, anauliza bandari ilikuwa wapi. Wakati ule mto Lukuga, njia ya maji kutoka ziwani upande wa Kongo, ulikuwa umezibika na ziwa lilikuwa juu. Kizuizi kilipasuka mwishoni mwa miaka ya 1870, na kufikia miaka ya 1890 maji yalikuwa yameshuka kama mita 10. Ujiji ina ufuko wa mteremko mdogo, hivyo kila mita iliyoshuka iliacha eneo kubwa la nchi kavu. Usimwoneshe mtu ufuko wa leo ukamwambia "hapa ndipo waliposhushwa".

Karibuni mchangie: maneno ya mabango, vifaa, ukarabati wa tembe la Kwihara (nyumba ya udongo walimokaa Stanley na Livingstone), na namna ya kuongea na familia za mjini.

#2 Mwl. wa Isevya, Tabora

Asante kwa kuanza na Nyangwe. Upande wetu kosa kubwa ni jingine, nalo ni ile picha ya mtumwa mwenye mnyororo shingoni na jino la ndovu begani. Imekaa vichwani mwa watu kiasi kwamba mwongozaji akisema vinginevyo anaonekana hajasoma.

Pembe zilizotoka Unyanyembe (eneo la Tabora) kwenda pwani zilibebwa kwa sehemu kubwa na wapagazi wa Kinyamwezi, watu huru waliolipwa. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani kama kilo 32, na juu yake mpagazi alikuwa na mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Walitembea zaidi kiangazi, baada ya mavuno. Mbele alikwenda kirangozi, kiongozi wa msafara, na ngoma. Posho ikichelewa walitua mizigo wakakaa chini, na tajiri hakuwa na la kufanya ila kulipa. Kazi hii ilikuwa na heshima yake, kijana asiyewahi kufika pwani alionekana bado mtoto. Fikiria pia upande wa tajiri: jino la ndovu ni mtaji wake wote, atalikabidhije kwa mateka mwenye njaa anayetafuta upenyo wa kukimbia?

Chakula chao ndicho tunachokula mpaka leo. Viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vibichi ni michembe, vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa ni matobolwa. Vinakaa miezi bila kuoza, ni vyepesi, vinatafunwa njiani. Wengi wanasema jina la Tabora limetoka kwenye matobolwa hayo. Mgeni apewe aonje. Atakumbuka kuliko bango.

Sasa mtumwa yuko wapi kwenye habari hii? Yuko shambani. Wanaume wakiwa safarini, majembe yalishikwa na watu walionunuliwa kwa faida ya pembe, wengi wao wanawake na watoto kutoka magharibi ya ziwa. Mtu aliyeuzwa Unyanyembe mara nyingi hakuiona bahari maisha yake yote. Tunapoita "njia ya watumwa" tunawafanya watu wadhani kila aliyetekwa aliishia Bagamoyo. Kwihara na vijiji vinavyoizunguka vilikuwa mwisho wa safari kwa watu wengi sana, na hilo halina hata kibao kimoja kinachostahili.

#3 Damu ya Manyema, Ujiji

Mwalimu, shikamoo. Kuhusu mizigo nakubali. Ila hatari naiona kwenye namna ya kulisema. Ukitamka "wapagazi walikuwa huru" halafu ukanyamaza kidogo, mgeni anasikia "kumbe utumwa haukuwa mkubwa". Wapo wanaolisubiri neno hilo.

Halafu "huru" yenyewe ina tabaka. Kwenye misafara iliyotoka pwani walikuwamo waliojiita waungwana, na wengi wao kisheria walikuwa bado watumwa wa mtu Unguja au Bagamoyo. Walijikodisha, na sehemu ya ujira ikaenda kwa bwana. Huyo utamweka upande gani?

Na waliovushwa ziwa kutoka Mtoa, upande wa Kongo, kwa majahazi na mitumbwi hawakuwa na ujira wala kirangozi. Waliuzwa, wakapewa majina mapya, wakaulizwa kabila wakajibu "Mmanyema" kwa sababu Manyema ndiko walikotokea wote kwa macho ya aliyewanunua, hata kama mmoja alikuwa Mgoma, mwingine Mbwari. Jina hilo ndilo lililokuja kuwa kabila hapa Ujiji. Huo ni urithi ambao hauko chini ya mwembe wala ndani ya kabati la kioo.

#4 Mwl. wa Isevya

Marahaba. Umenirekebisha pazuri. Basi mwongozaji asitenganishe sentensi. Aseme kwa pumzi moja: "Pembe zilibebwa zaidi na wapagazi waliolipwa, na faida ya pembe hizo ilinunua watu." Ukianza na nusu ya kwanza lazima umalize na ya pili.

Kuna kifaa kimoja kinachoeleza yote haya bila hotuba, na ni cha bei ndogo: kitambaa cheupe cha pamba kisichotiwa rangi. Wazee waliita merikani. Kata urefu wa mikono minne, mkono ukipimwa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Hiyo ni shuka, kama yadi mbili. Shuka mbili ni doti. Kwa doti ndiko kulilipwa hongo (ushuru wa kupita) kwa watemi, posho kwa wapagazi, na bei ya mtu Ujiji. Weka pembeni kaniki, na shanga nyekundu walizoita samsam. Kisha uliza wanafunzi kwa nini kitambaa kiliitwa merikani.

Kiliitwa hivyo kwa sababu kilifumwa Marekani, Massachusetts, kikaletwa Unguja na meli za Salem. Pamba yake ilichumwa na watumwa wa majimbo ya kusini ya nchi ileile. Mtu aliyetekwa Lualaba aliuzwa Ujiji kwa nguo iliyotokana na jasho la mtu ambaye babu yake alitekwa Afrika Magharibi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokata pamba hiyo miaka ya 1860, nafasi yake ikachukuliwa zaidi na nguo za Bombay, lakini jina likabaki. Na pembe zilizokwenda upande wa pili ziliishia kuwa vitufe vya piano na vichana. Yadi mbili za kitambaa mkononi, na darasa zima linaelewa kwamba Ujiji haikuwa kona ya dunia.

#5 Msomi wa Gungu

Minyororo na makongwa yanayooneshwa sehemu mbalimbali ni ya kweli? Wanafunzi huuliza kila mara na waongozaji wanajibu "ndiyo" harakaharaka.

#6 Mtunza Ghala, Kigoma

Swali zuri, na jibu lisiwe "ndiyo" wala "hapana" kabla ya kusoma kadi ya kifaa. Kila kifaa kiwe na kadi inayojibu mambo manne: kilipatikana wapi, lini kiliingia ghalani, nani alikitoa, na alisema nini kuhusu kilikotoka. Kadi isipokuwepo, kibao kiseme "mnyororo wa chuma, asili yake haijathibitishwa". Kikiwa kimetengenezwa na mhunzi wa siku hizi kiandikwe "mfano", kwa herufi kubwa sawa na za jina la kifaa, zisiwe vidogo pembeni. Mfano si aibu. Aibu ni kuuficha, kwa sababu mgeni mmoja akigundua mnyororo umechomelewa kwa umeme, hataamini tena hata habari ya Nyangwe.

Kongwa ni rahisi kueleza na mfano wake unafaa sana: mti wenye panda, urefu wa karibu mita moja na nusu hadi mbili, shingo inaingia kwenye panda, kisha unapitishwa ufito au chuma cha kufungia. Ncha ya pili ilifungwa kwa mwingine au ikashikwa na mlinzi. Mateka hakuweza kulivua mwenyewe. Eleza hilo, kisha liweke chini. Usimvalishe mwanafunzi apigwe picha. Watoto huanza kucheka, na kwenye darasa la Ujiji huwezi kujua yule anayechekwa ni wa ukoo gani.

Hata Unguja kuna funzo. Kanisa kuu la Mkunazini lilijengwa kwenye soko la watumwa baada ya soko kufungwa 1873, hilo halina ubishi. Lakini vile vyumba vya chini vinavyooneshwa kuwa vya kufungia watumwa, wanahistoria wanabishana navyo, kwa sababu jengo lililo juu yake ni la misheni, la baada ya soko kufungwa. Soko lilikuwepo na mateso yalikuwepo bila kuhitaji chumba chenye shaka. Sisi huku tusirudie kosa hilo kwa kuokota pango au mti na kuupa hadithi.

#7 Kirangozi

Umetaja mti, niongeze. Si kila mwembe mnene kati ya Kigoma na Ujiji ni wa enzi ya misafara. Mwembe ulikuja na watu wa pwani, ni kweli, na walipanda kwa ajili ya kivuli na matunda. Ila unene wa shina hauthibitishi umri. Mwembe wenye maji karibu unanenepa upesi. Hata miembe ya pale makumbusho ni vipandikizi vya ule wa zamani uliokufa, na vinapaswa kutajwa hivyo. Na tafadhali, bango lisipigiliwe msumari kwenye shina. Jeraha linatoa utomvu, ukungu unaingia, tawi linakauka kuanzia ndani.

#8 Fundi Tembe, Tabora

Nazungumzia kuta, maana tembe la Kwihara ni udongo, na udongo hausamehi.

Adui wa kwanza ni saruji. Ukuta wa udongo unanyonya maji kutoka chini na kuyatoa kwa kupumua. Ukiupiga lipu ya saruji umeuziba pua. Mvua za Novemba hadi Aprili zikija, maji yanapanda ndani, yanakosa pa kutokea, udongo nyuma ya saruji unarudi kuwa tope. Kwa nje unaona ukuta safi. Kisha unaanza kutoa tumbo, ufa unapita chini kama sentimita 50 kutoka ardhini, na siku lipu ikidondoka inaondoka na bamba la ukuta wa asili. Ukigonga ukasikia mlio mtupu, tayari.

Kuitoa: fanya kiangazi, Juni hadi Septemba, na usitoe ukuta mzima kwa mkupuo. Mita moja, uache ukauke wiki mbili au zaidi, halafu uruke mita nyingine. Ukivua wote kwa pamoja kwenye joto la Septemba, unakauka upande mmoja na kupasuka.

Lipu ya kurudishia ni udongo uleule: sehemu moja ya udongo wa mfinyanzi kwa mbili hadi tatu za mchanga, pamoja na nyasi kavu zilizokatwa urefu wa kidole. Loweka, kanyaga, acha wiki moja hadi mbili nyasi zianze kuoza, hapo ndipo unanata. Kabla ya kupaka, jaribu vipande vya sentimita 30 kwa 30 vya michanganyiko mitatu tofauti kwenye ukuta uleule. Kilichopasuka nyufa za kupitisha kucha kina mfinyanzi mwingi. Kinachotoka vumbi ukikisugua kwa kiganja kina mchanga mwingi. Mkono wa kwanza sentimita 2, ukikauka kabisa mkono wa pili sentimita 1, ukuta ukiwa umenyunyiziwa maji kwanza. Juu yake chokaa nyepesi mara nne au tano. Wanaotaka kumaliza kwa mara moja na chokaa nzito, inabanduka kama magamba.

Paa la tembe linaonekana tambarare ila lazima liwe na mwinamo, angalau sentimita 2 kwa kila mita, na makopo ya kutolea maji yajitokeze nje sentimita 40 hadi 50. Makopo mafupi yanamwaga maji ukutani palepale. Chini, mfereji ukae mita moja kutoka ukutani. Mchwa: hakuna boriti inayogusa udongo moja kwa moja, na mtu apite kila wiki kuvunja vichuguu vyembamba kabla havijafika kwenye mbao. Oili chafu msipake, inatia madoa yasiyotoka milele na mlango wa nakshi unapoteza sura.

Na andikeni kwenye bango kwamba nyumba mnayoiona imejengwa upya. Mgeni haathiriki. Stanley aliondoka pale 14 Machi 1872, Livingstone akabaki hadi 25 Agosti akisubiri wapagazi, hayo yanabaki kuwa kweli hata kama ukuta ni mpya.

#9 Damu ya Manyema

Fundi, kuhusu Kwihara kuna msafara mwingine wa kuutaja kwa sauti kubwa kuliko wa Stanley. Oktoba 1873 Abdullah Susi na James Chuma walipita Unyanyembe na wenzao wakiwa wamebeba mwili wa Livingstone kutoka kwa Chitambo, kusini kabisa (leo ni Zambia), kuupeleka pwani. Chuma alikuwa mtoto wa mnyororoni, aliyefunguliwa 1861. Jacob Wainwright, aliyechonga maandishi kwenye mti kule Chitambo, naye alikuwa mtumwa aliyekombolewa, akasomeshwa Nasik, India. Waliambiwa Unyanyembe wamzike palepale, wakakataa, wakaendelea mpaka Bagamoyo Februari 1874. Ukitaka mtoto wa shule aone mtu aliyewahi kuwa mtumwa akiamua jambo kwa akili yake na kulitimiza, mwelezee hao.

#10 Msomi wa Gungu

Wakuu, utumwa uliisha mwaka gani? Nimekutana na 1873, 1897, 1905 na 1922.

#11 Mwl. wa Isevya

Yote ni ya kweli, ila kila mwaka una jambo lake, na kuchanganya ndiyo kosa la mabango mengi.

1873 ni kusafirisha watumwa kwa bahari na masoko ya Sultani. 1876 Barghash alikataza misafara ya watumwa kutoka bara. 1897 ni Unguja na Pemba, ambako hali ya utumwa iliacha kutambuliwa kisheria, ingawa masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Huku bara Wajerumani walipiga vita biashara lakini hawakufuta utumwa wenyewe. Amri yao ya Desemba 1904 ilisema watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Mama akabaki mtumwa, mtoto huru, nyumba ileile. Maboma yalitoa pia hati za uhuru kwa waliojikomboa au kukombolewa, na majalada ya enzi hiyo yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, kwa Kijerumani cha mkono kinachohitaji msomaji aliyezoea.

Kisha vita. Wabelgiji waliiteka Tabora Septemba 1916, na Kigoma na Ujiji zikabaki mikononi mwao hadi 1921. Sheria ya kufuta utumwa Tanganyika nzima ilikuja 1922 chini ya Waingereza. Kwa Ujiji na Tabora, mwaka wa kuandika ni 1922. Treni ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914. Yaani kwa miaka minane mtu aliweza kupanda treni Kigoma akiwa bado, kisheria, ni mali ya mtu.

#12 Msomi wa Gungu

Hiyo sentensi ya mwisho iwekwe stesheni ya Kigoma.

#13 Mama Kitongoni, Ujiji

Wanangu, mmesema mengi mazuri. Mimi nigusie kuuliza watu, kwa sababu wanafunzi wa vyuo wanakuja na karatasi ya maswali na swali la kwanza ni "je, babu yako alikuwa mtumwa?" Mlango unafungwa hapo hapo, na nyumba ya jirani nayo inafunga.

Hapa mjini neno mtumwa ni tusi la kuvunja ndoa. Usilianze wewe. Anza na ujenzi wa mtaa: nani alifika kwanza, walikuwa wanalima nini, msikiti ulijengwa na nani, ngoma gani zilichezwa harusini. Uliza majina. Majina ya wajakazi wa zamani yalikuwa ya kupewa, ya siku, ya bidhaa, ya sifa, na mwenye nyumba akitaka kukufungulia, atakufungulia kwenye jina. Maneno ni mengi na kila moja lina uzito wake: mateka, mjakazi, suria, mzalia (aliyezaliwa utumwani), mjoli (mtumwa mwenza), huru. Suria akimzalia bwana, mtoto ni huru na anarithi. Kwa hiyo ukoo mmoja unaweza kuwa na bibi aliyenunuliwa na babu aliyenunua. Ukimlazimisha mtu achague upande mmoja unamkata katikati.

Nenda na mtu wa mtaa, mwanamke kwa mabibi. Usiwashe kinasa sauti ziara ya kwanza. Ukirekodi, mwulize mara mbili: unaruhusu nisikilize mwenyewe, au unaruhusu wengine wasikie? Ni ruhusa mbili. Nakala ya sauti irudi kwa familia kabla ya kitu kuchapishwa, na jina libadilishwe wakitaka. Bibi akisema "hilo liache", liache hata kama ndilo ulilofuata.

#14 Mtunza Ghala

Shikamoo Mama. Nashauri maneno haya yabandikwe ofisini kwa kila anayeomba kibali cha utafiti.

Nyongeza fupi kuhusu misheni, maana wageni Wakatoliki huuliza. Mapadre Weupe walifika Ujiji Januari 1879 wakawa wananunua watoto sokoni ili kuwaweka huru na kuwalea. Lisemwe lote: watoto waliokoka, na pesa iliyotolewa iliingia mfuko wa muuzaji. Mfano unaojulikana ni Adrian Atiman, aliyetekwa mtoto Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomea udaktari Malta, akafika Karema 1889 na kutibu watu kandokando ya ziwa hadi kifo chake 1956. Karema iko Katavi leo, lakini habari yake ni ya ziwa hili.

#15 Kirangozi

Shikamoo Mama Kitongoni, asante sana. Nimejaribu rasimu ya bango la Ujiji. Nimejibana kwenye maneno yasiyofika 80, kwa kuwa mtu aliyesimama juani hasomi zaidi. Bango la kulala, mwinamo nyuzi 30 hadi 45, ukingo wa mbele sentimita 75 kutoka chini ili mtoto na mwenye kiti cha magurudumu wasome. Herufi milimita 10 kwa msomaji wa mita moja. Rangi nyekundu na njano tusitumie kwa maandishi, jua linazila kwanza. Shaba na alumini zitaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tuchonge kwenye jiwe. Rasimu hii hapa:

"UJIJI. Katika karne ya 19 watu waliotekwa ng'ambo ya ziwa walishushwa hapa na kuuzwa kwa nguo na shanga. Wengine walipelekwa Unyanyembe na pwani. Wengi walibaki, wakalima, wakavua, wakaujenga mji huu. Wajukuu wao wanaishi hapa. Oktoba au Novemba 1871 Stanley alimkuta hapa Livingstone, aliyerudi kutoka Nyangwe baada ya kuona mauaji sokoni. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922."

#16 Mwl. wa Isevya

"Walishushwa hapa" inapingana na ulichosema #1 kuhusu maji. Weka "walishushwa Ujiji". Na si wote waliotoka ng'ambo, wapo waliotekwa upande huu wa ziwa. Weka "wengi wao ng'ambo ya ziwa".

#17 Damu ya Manyema

"Wajukuu wao wanaishi hapa" itamfanya mgeni ageuke kumwangalia muuza dagaa aliye karibu. Mama ametufundisha. Sema "Vizazi vyao ni sehemu ya mji huu."

#18 Kirangozi

Nimepokea yote matatu. Sentensi mpya: "Katika karne ya 19 watu waliotekwa, wengi wao ng'ambo ya ziwa, walishushwa Ujiji na kuuzwa kwa nguo na shanga." Na: "Vizazi vyao ni sehemu ya mji huu." Mwalimu, ya Kwihara iandike wewe, na mashamba yaje kabla ya Stanley.